Pale Walipoanza Kubishana

Mdogo wangu Vilikesa alipopotea baharini, kompyuta zetu mbili zilitoa majibu mawili kuhusu mahali alipo, na binamu yangu Waisale akacheka.

Nieleze kwanza kicheko hicho, maana asiyetujua angemzaba kofi. Waisale ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu Fiji binamu wa namna hiyo ni mtani. Ana ruhusa ya kunitukana mbele za watu, kuchukua shati langu kwenye kamba na kula samaki wangu, na nikikasirika, mwenye aibu ni mimi. Zaidi ya yote, hatakiwi kukubaliana nami. Nikisema leo jua kali, atatoka nje kutafuta wingu, na hapa Suva wingu halitafutwi mbali. Hata msibani mtani hanyamazi. Kila mtu akishalegea kwa kulia, yeye ndiye anayebaki na kazi ya kukuudhi mpaka ukumbuke kwamba uko hai.

Tulifanya kazi ofisi moja, pale Laucala Bay, ofisi ndogo ya kukokotoa mikondo ya bahari. Boya likikatika kamba, meli ikimwaga mafuta, watu hutupigia simu kuuliza vitu vinaelekea wapi. Programu niliandika mimi, Apakuki, au Apa kwa wanaonizoea. Waisale ndiye aliyesomea bahari yenyewe, na hakunipa nafasi ya kusahau kwamba mimi bahari naijua kupitia kioo cha kompyuta.

Msimu ule tulikuwa na kompyuta mbili. Ya zamani tuliiita Kikongwe, kwa jinsi ilivyokohoa feni zake tangu asubuhi. Mpya tuliiita Mgeni. Ofisi yetu ina desturi: mashine mpya haikabidhiwi kazi mpaka itoe majibu yaleyale ya mashine ya zamani, hadi tarakimu ya mwisho. Unalaza majibu mawili sambamba, unatazama mwisho wa mstari, basi. Waisale alikuwa upande wa Kikongwe kwa sababu moja tu, kwamba Mgeni nilimleta mimi.

Vili aliondoka kisiwa cha Moala kwenda kisiwa cha Matuku na boti ya faiba, amebeba mikeka ya harusi ya dada yake Waisale. Njiani injini ikafa. Akampigia mama simu, akasema kwa utulivu kabisa: "Nimefunga mikeka kwa kamba nimeitupa majini, ivute boti, upepo usinibebe kama mfuko wa plastiki. Mwambie Waisale mikeka yao imesukwa vizuri, inashika maji." Kisha simu ikakatika. Tulibaki na kitu kimoja, mahali simu ilipokuwa wakati ule.

Boti za Moala zilimtafuta mpaka giza likaingia, hazikumpata. Asubuhi tukaambiwa hivi: ndege ya utafutaji ipo, lakini dhoruba inapanda kutoka kusini, na kabla haijafika kuna mafuta na muda wa safari moja, upande mmoja. Rubani anataka mahali pa kwenda kabla ya saa saba mchana.

"Mikeka ya dada yangu!" Waisale alisema alipoingia, hata salamu hakutoa. "Harusi nzima mdogo wako kaigeuza nanga. Akirudi atakaa yeye sakafuni, wageni wamkalie."

"Kaa chini, tufanye kazi," nikamwambia.

"Nikae wapi? Mikeka yote iko baharini."

Bosi wetu, Daktari Urmila Raghwan, aliweka bakuli lake la roti na mchuzi juu ya meza na hakulifungua siku nzima. "Nyie wawili," akasema, "nataka jibu moja. Sitaki mawili."

Alipata mawili. Programu ilikuwa ileile, na tuliingiza namba zilezile: mahali pa simu, upepo, maji kupwa na kujaa. Kikongwe akasema Vili yuko kaskazini ya mwamba wa Cakaulailai. Mgeni akasema yuko kusini ya mwamba huohuo, mbali kiasi kwamba ndege ikienda upande mmoja haitamwona aliye upande wa pili hata kwa darubini. Cakaulailai hakuna anayeishi. Ni matumbawe tu yanayotoa meno maji yakipwa, na nyuma yake bahari tupu.

Hapo ndipo Waisale alipocheka. "Mtoto wako mpya na bibi yake hawajuani," akasema.

"Mtoto wangu anajua kusoma. Bibi yako anakohoa."

"Anakohoa kaskazini, lakini. Na kama Vili yuko kaskazini?"

Nikarudi kwenye kioo. Sababu ya tofauti niliijua, au nilidhani naijua. Ipe kompyuta sehemu moja ya kumi, kitu ambacho mtoto wa shule huandika bila kufikiri, nayo haiwezi kuiandika kamili. Inahesabu kwa mbili mbili, si kwa kumi kumi, kwa hiyo kwake sehemu ya kumi ina mkia usiokwisha, kama theluthi ilivyo na mkia kwetu: tatu, tatu, tatu, mpaka uchoke mwenyewe. Nafasi ya kuandikia ina kikomo, mkia lazima ukatwe, na kinachobaki kuuliza ni unakatwa lini. Kikongwe ana kichakataji cha mtindo wa zamani, ambacho katikati ya hesabu hushika mkia mrefu kidogo na kuukata pale tu kinapoweka jibu. Mgeni hukata kila hatua, isipokuwa akikuta kuzidisha na kujumlisha vimefuatana, hapo huvifanya kwa pigo moja. Juu ya hayo, mfumo endeshi wa kila mmoja umekuja na hesabu zake za pembe, zile za saini na kosaini, nazo hazilingani kwenye tarakimu ya mwisho. Hakuna aliyekosea. Ni wapishi wawili wanaochota chumvi ileile kwa vidole tofauti.

Niliyasema haya kwa sauti, kwa Daktari, nikijisikia mtu mwenye akili. Waisale alisikiliza akitafuna kipande cha muhogo wa jana.

"Tarakimu ya mwisho ni kubwa kiasi gani?" akauliza. "Baharini, kwa vipimo vya watu."

"Ndogo mno. Unene wa unywele ni mlima mbele yake."

"Haya. Sasa hebu niambie, we bingwa, kitu kilicho chini ya unywele kimekuwaje mwamba mzima?"

Lilikuwa swali zuri, na nililichukia kwa sababu liliulizwa naye. Nikamwambia mikia inalimbikizana. Akasema hata ukilimbikiza nywele za Suva nzima hupati kisiwa. Nikamwambia aniache nifanye kazi. Saa zilikuwa zinakwenda, na kila nilipofumba macho nilimwona Vili ameketi juu ya injini iliyokufa, akipiga mluzi, maana hivyo ndivyo anavyofanya akiogopa.

Nikafanya kile ambacho ofisi yetu imenifundisha kufanya. Nikamkataza Kikongwe kushika mkia mrefu. Nikamkataza Mgeni kuzidisha na kujumlisha kwa pigo moja. Nikaondoa hesabu za saini na kosaini za mifumo yote miwili, nikawapa zangu, moja kwa wote. Kisha nikawaendesha tena, nikalaza majibu sambamba.

Kusini, akasema Mgeni. Kusini, akasema Kikongwe. Tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho wa mstari, hakuna hata moja iliyotofautiana.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Niliinua mikono kama mtu aliyefunga bao. Daktari Urmila akafumba macho, akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua simu ya rubani.

"Hongera," Waisale akasema. "Umewapatanisha."

"Asante."

"Na Vili ameambiwa kwamba mmepatana?"

"Waisale, sasa hivi sina nafasi ya..."

"Nauliza tu, binamu. Asubuhi hawa walikuwa wanabishana. Wewe ukamshika huyu mkono, ukamziba yule mdomo, ukawafundisha wote wimbo mmoja. Sasa wanaimba pamoja, wewe unasema basi wimbo ni wa kweli. Walevi wawili wakikubaliana njia ya kwenda nyumbani, nyumba huwa inahama iwafuate?"

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, mkono ulishanyanyuka, na utani wetu wote usingenizuia. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa amesema kweli. Bahari haikuwa imeguswa. Hakuna habari mpya iliyoingia chumbani tangu asubuhi. Kilichobadilika ni mipangilio yangu mimi. Kama ningeamua kumfundisha Mgeni tabia za Kikongwe badala ya kuwafundisha wote tabia zangu, pengine wangekubaliana kaskazini, nami ningeinua mikono vilevile.

"Daktari," nikasema, "subiri kidogo."

Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa glasi ya maji. Lakini akaweka simu chini.

"Unywele," nikamwambia Waisale. "Rudia lile swali lako."

"Silirudii. Nilikuuliza bure mara ya kwanza."

Nikachukua mahali pa simu ya Vili, nikapasogeza kwa urefu wa boti yake. Kitu kidogo tu, simu yenyewe inakosea zaidi ya hapo. Nikaendesha Mgeni. Kaskazini. Nikapasogeza upande wa pili: kusini. Nikarudisha mahali, nikapunguza upepo kwa kiasi ambacho shavu lisingehisi: kaskazini tena. Waisale akaacha kutafuna. Akavuta kiti, akaketi kwa Kikongwe, akaanza naye kufanya vilevile, na kwa muda hakuna aliyemtukana mwenzake. Tuliita tu: "Kusini." "Kaskazini." "Kaskazini." "Kusini."

Lazima niseme kwamba katika dakika zile hofu ilinitoka, ikaingia hamu ya kujua. Nilikuwa kama mtoto aliyeinua jiwe akakuta chini yake kuna kitu kinatembea. Ofisi nzima tulizoea kutazama mwisho wa mstari tu, jibu la mwisho, tarakimu ya mwisho. Hakuna aliyewahi kuuliza majibu mawili yaliachana wapi njiani.

"Tuzichore," nikasema. "Njia zote, tangu injini ilipokufa. Juu ya ramani moja."

Zilipotokea kwenye kioo, Daktari Urmila alisimama nyuma yetu na kuweka mkono begani mwangu. Njia zote zilitoka upande wa mashariki zimeshikamana, kama kamba moja iliyosokotwa. Zilikwenda pamoja saa baada ya saa, Kikongwe na Mgeni, mkia mrefu na mkia mfupi, hakuna aliyemzidi mwenzake hata hatua. Zikafika mbele ya Cakaulailai. Hapo kamba ikafumuka. Nyuzi nyingine zikapinda kaskazini, nyingine kusini, na nyuma ya mwamba zikatawanyika kabisa.

Waisale akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenye mafuta ya muhogo. "Hapa ndipo walipoanza kubishana."

"Maji yanagawanyika hapo," nikasema.

"Asante kwa taarifa, nimesomea." Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maji yakija usoni mwa mwamba, nusu yanapita huku, nusu kule. Na katikati kabisa, pale ambapo hayajaamua, Apa, yanafanya nini?"

Nikamtazama. Mimi bahari naijua kupitia kioo.

"Yanasimama," akasema. "Yanakaribia kusimama. Tazama saa, acha kutazama njia. Tazama saa!"

Nikazitazama. Kila njia ilikuwa na saa zake, na hatukuwa tumejishughulisha nazo. Mpaka karibu na mwamba boti ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Ilipofika pale, ikaanza kutambaa. Katika njia nyingine ilitambaa usiku kucha ndipo ikakata shauri. Katika chache ilikuwa bado ipo pale, wakati uleule tuliokuwa tunazungumza, inazunguka taratibu nje ya matumbawe. Na kadiri ilivyokaribia kule kwenye mgawanyiko wenyewe, ndivyo tofauti iliyo chini ya unywele ilivyotosha kuisukuma upande mmoja, na ndivyo ilivyochelewa zaidi kuondoka. Kikongwe na Mgeni wangekubaliana tangu asubuhi kama Vili angekuwa amepita mbali na hapo. Walibishana kwa sababu alikuwa amefika palepale.

"Hayuko kaskazini," nikasema. "Wala kusini."

"Pengine," akasema Daktari Urmila. "Apakuki, pengine. Ndege ikienda pale mbele ya mwamba na asiwepo, hatuna mafuta ya kwenda kaskazini wala kusini. Tutakuwa tumepoteza pande zote mbili."

"Najua."

"Ni ndugu yako."

"Najua, Daktari."

Nilidhani ataniuliza niamue. Hakuniuliza. Alitazama ramani muda mrefu, akanyanyua simu, akamtajia rubani sehemu iliyo mashariki ya Cakaulailai, nje kidogo ya matumbawe. Rubani akauliza hesabu inasemaje. "Hesabu imegawanyika," akasema, "na mimi ndiye ninayekwambia uende hapo. Andika jina langu." Kisha akakata simu, akakaa.

Halafu tukangoja. Mvua ya Suva ikashuka. Sikuweza kukaa wala kusimama. Nikafikiri jinsi nilivyokaribia kuipeleka ndege ile kusini kwa sababu mashine mbili zilisema neno moja, neno nililowafundisha mwenyewe.

Waisale hakunyamaza hata kidogo. Alisema Vili akipatikana atamlipisha kila mkeka, na riba. Alisema familia yetu nzima haijui bahari, ndiyo maana babu zetu walioa kwao, kutafuta watu wa kuwavusha. Alisema pua yangu ikiwekwa juu ya boti ingetosha kuwa tanga. Nilimwambia pua yangu ni ya mama yangu, na mama yangu ni shangazi yake. Akasema ndiyo, ni yake, nilimwibia. Nilimjibu kila tusi kwa tusi, na ndivyo nilivyofika mwisho wa saa ile bila kupiga kelele.

Redio iliita. Daktari akaongeza sauti.

"Nina boti," alisema rubani. Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Iko nje ya matumbawe, haisogei sana. Mtu mmoja. Amesimama." Kimya, mkwaruzo. "Anapunga kitu kikubwa. Sijui ni nini. Kama... kama mkeka."

Nililia. Sikuona sababu ya kujizuia. Daktari Urmila alinikumbatia, akacheka, akafungua bakuli la roti, akalifunga tena, akatoka kumpigia simu mama yangu. Boti ya Matuku ilikuwa imeshaambiwa, ingemfikia kabla ya dhoruba. Nilipopangusa uso, nikageuka kumtafuta mtani wangu. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilitaka kumwambia kwamba mikeka ya kwao, kumbe, kazi yake ni moja tu, kupungia ndege.

Hakuwepo kwenye kiti. Nilimkuta nyuma ya rafu za mashine, kule feni za Kikongwe zinakovuma, ameegemeza paji la uso kwenye chuma. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikakumbuka kwamba ni yeye aliyemfundisha Vili kuogelea, kule Moala, kwa kumtupa majini na kuruka nyuma yake. Siku nzima hakuna mtu aliyemuuliza hali yake, maana mtani haulizwi.

Alisikia hatua zangu. Hakugeuka.

"Kiyoyozi hiki kinavuja," akasema, sauti imekwama. "Tazama, kimenilowesha uso mzima. Nilishakwambia uite fundi."

Kiyoyozi kilikuwa ukuta wa pili, kikavu kabisa. Na zamu ya kutania ilikuwa yangu. Kwa desturi yetu nilipaswa kumvua nguo pale pale, kuwaita watu wote wa ofisi waje wamtazame, na kulitangaza jambo hilo kila harusi mpaka tuzeeke.

"Kweli, binamu," nikamwambia. "Kinavuja."